Aliyemwita Fundi Ndiye Atakayeulizwa

Katika malopango mengi ya Kamina, kamba ya kuanikia nguo ni waya wa chuma. Ncha moja imefungwa kwenye mwembe, ncha nyingine kwenye msumari wa bati, karibu kabisa na pale waya wa umeme unaotoka kwenye kompteri unapoingilia nyumbani. Huo wa umeme ulipitishwa miaka kadhaa nyuma na kijana wa mtaani aliyelipwa pesa ya siku moja. Hakuutia ndani ya bomba. Aliubana kwa misumari iliyokunjwa, akaenda zake. Pepo za kiangazi zimeutikisa, ukingo wa bati umeukwaruza, plastiki yake imechanika, na sasa shaba inagusa bati. Taa zinawaka kama kawaida. Redio inaimba. Hakuna anayejua kwamba bati zima, pamoja na ule waya wa nguo, lina volti 220. Halafu mvua ya kwanza inanyesha, na mama wa nyumba anatoka na beseni la nguo mbichi, miguu mitupu kwenye udongo uliolowa.

Mtu akifa namna hiyo, matangani hakukosi maelezo. Mmoja atanong'ona uchawi na kumtazama bibi wa nyumba ya pili. Mwingine atailaani SNEL, shirika la umeme. Wa tatu atasema ni mapenzi ya Mungu, na wote wataitikia. Sisi tunauliza jambo moja tu: nani alimwita yule kijana, na alimuuliza nini kabla ya kumfungulia mlango?

Msimamo wetu ni huu. Anayemwita fundi wa umeme nyumbani kwake anabeba wajibu wa kujua anamwita nani. Wajibu huo hauhamii kwa fundi pesa ikishalipwa, wala hauishi taa ikishawaka. Unabaki na mwenye nyumba, mwaka hata mwaka, kwa sababu ndani ya nyumba hiyo wamelala watu ambao hawakuulizwa lolote: watoto, mzee aliyekuja kutoka kijijini kutibiwa, msichana wa kazi, mpangaji wa chumba cha nyuma.

Mji wetu hauwezi kujitetea kwamba umeme ni kitu kigeni. Waya wa treni ya umeme ulinyooshwa Katanga katika miaka ya 1950, na Kamina ndipo unapokomea upande wa kaskazini. Kutoka hapa kwenda Mwene-Ditu au Kabalo ni mashine za mafuta zinazovuta mabehewa. SNCC, shirika la reli, ina kilomita 858 za njia ya umeme, chini ya waya wa volti 25,000. Mitambo ya umeme wa maji ya Kilubi nayo ni ya miaka hiyohiyo. Kwa hiyo wapo Kamina wazee waliokula mkate wao chini ya waya huo, na waliostaafu na vidole vyote kumi. Waulize walivyofanya. Watakuambia: unakata, unapima, unaunganisha na ardhi, ndipo unagusa. Nidhamu hiyo ilikuwa sheria ya karakana. Inakuwaje mjukuu wa mtu kama huyo amwachie nyumba yake kijana mwenye koleo la kuazima?

Sababu yake tunaijua, nayo inastahili kuelezwa vizuri. Seremala akiharibu mlango, utauona umepinda siku hiyohiyo. Fundi wa kujenga akikosea, ukuta utakuonyesha ufa. Lakini kazi mbovu ya umeme inawaka sawasawa na kazi nzuri. Taa haina aibu. Inawaka juu ya waya uliofungwa kwa mfuko wa plastiki kama inavyowaka juu ya waya uliobanwa kwa domino ndani ya kisanduku chake. Mwenye nyumba anaona mwanga, anapiga makofi, analipa. Na kwa kuwa jicho lake haliwezi kuhukumu kazi, kitu pekee alichobakiwa nacho ni kumhukumu mtu kabla kazi haijaanza.

Tuangalie kisanduku cha fyuzi, kwa sababu hapo ndipo uovu mwingi unapojificha. Katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli bado zipo fyuzi za kauri nyeupe. Ndani yake hupita uzi mwembamba uliopimwa: mkondo ukizidi kiasi, uzi unayeyuka, nyumba inaingia gizani, na giza hilo ndilo wokovu wake. Sasa uzi umeyeyuka mara tatu kwa wiki moja, kwa kuwa makala yamepanda bei, mama ameweka mbabula pembeni na kununua resho ya umeme. Anaitwa mtu wa haraka. Mtu wa haraka haulizi kwa nini uzi unayeyuka. Anachuna kipande cha waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, anakipinda ndani ya kauri, anairudisha, na anasema, "Papa, haitakata tena."

Amesema kweli. Haitakata tena. Kipande kile cha shaba kinahitaji zaidi ya ampea 100 kabla ya kuyeyuka. Resho moja ya wati 2,000 inavuta ampea 9 hivi. Weka ya pili na pasi juu yake, umekaribia ampea 23, zinazopita kwenye waya mwembamba uliowekwa ukutani kwa ajili ya taa. Joto la waya halipandi hatua kwa hatua na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Waya uliofichwa ukutani na juu ya dari unageuka kuwa resho nyingine, isiyoonekana, inayopika plastiki yake yenyewe usiku kucha karibu na mbao kavu za paa. Fyuzi ilikuwa inalia kwa kuwaonya watu wa nyumba. Mtu wa haraka aliinyamazisha, akalipwa kwa kufanya hivyo.

Delestaji inaongeza hatari ambayo wengi hawaifikirii. Umeme unakatika saa kumi jioni dada akiwa anapiga pasi. Anaiacha pasi juu ya nguo, anakwenda kanisani. Umeme unarudi saa tano usiku, watu wamelala. Fyuzi nzima ingeweza hata kunusuru kitu pale waya unapoanza kuyeyuka na kugusana. Kipande cha shaba hakinusuru chochote.

Kosa jingine ni la swichi. Waya mbili zinazofika kwenye taa hazifanani: fasi ndiyo yenye umeme, netre ndiyo inayourudisha. Swichi inapaswa kukata fasi. Asiyejua anakata netre, na taa inazimika vizuri kabisa. Siku balbu imekufa, baba anazima swichi kwa uangalifu, anapanda kiti, anashika kishikio cha balbu kwa mkono mmoja na bomba la chuma kwa mkono wa pili. Alifanya yote aliyofundishwa na mama yake. Aliyekosa ni mtu aliyeondoka miaka mitano iliyopita.

Sheria ya nchi yetu haikunyamaza juu ya mambo haya. Kitabu cha 3 cha Code civil, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamlazimu kila mtu, katika kifungu cha 258, kufidia madhara aliyoyaleta kwa kosa lake, na kifungu cha 259 kinahesabu uzembe na kukosa uangalifu kuwa kosa. Kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi na kinamgusa mwenye nyumba moja kwa moja: mtu anawajibika pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Waya ulio juu ya dari yako uko chini ya ulinzi wa nani? Kwa upande wa jinai, vifungu vya 52 na 53 vya kitabu cha 2 cha Code pénal vinamwangukia anayesababisha kifo bila kukusudia kwa kukosa tahadhari, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Tunayataja haya kwa sababu tumechoka kusikia neno "ajali" likitumiwa kama shuka la kufunikia kila kitu.

Mwangalie sasa fundi wa kweli akiwa kazini. Hafiki na kuanza kuchuna waya; anaanza na maswali. Prizi ilikufa lini? Kulikuwa na harufu? Nini kilikuwa kimechomekwa? Nani mwingine aliwahi kushika hapa? Kisha anakwenda kwenye kompteri, anakata, anachomoa fyuzi na kuzitia mfukoni mwake, ili mtoto asizirudishe yeye akiwa juu ya ngazi. Anachukua kipimo chake. Kabla ya kupima waya anaotaka kuugusa, anakipima kipimo chenyewe mahali anapojua pana umeme, kabla ya pale alipokata. Kinaonyesha. Anapima waya: kimya. Anarudi tena mahali pa kwanza na kupima mara ya pili: kinaonyesha bado. Ndipo anaugusa waya. Mara tatu hizo zinachukua chini ya dakika moja, na zipo kwa sababu kipimo kilichokufa nacho kinasema hakuna umeme.

Ukimwona mtu anafanya hivyo bila kuambiwa, mwachie nyumba yako. Ataendelea vivyo hivyo: waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa prizi, kijani na njano kwa ardhi pekee na si kwa kazi nyingine yoyote. Hatafunga kiungo juu ya dari na kukiacha hewani. Mwishoni atawaita watu wa nyumba mbele ya kisanduku, atawaonyesha kipi kinakata chumba kipi, na ataandika kwa kalamu. Atakuachia risiti yenye jina lake na namba yake ya simu, maana haogopi kutafutwa.

Vyeti tunavidai, na tunavidai kwa nguvu: diploma ya ufundi wa umeme kutoka shule ya sekondari ya ufundi, au cheti cha INPP, taasisi ya taifa iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili hasa ya kuwafundisha watu kazi. Lakini tuseme ukweli wote. Kijana mwenye diploma hiyo mpya mfukoni anaweza kuwa amemaliza miaka yake shuleni bila kushika disjonkteri zaidi ya ile moja ya darasani, na mzee wa reli asiye na karatasi yoyote anaweza kuwa fundi bora kuliko wote mtaani. Kwa hiyo karatasi iwe mlango wa kwanza, na mlango wa pili yawe maswali. Muulize: nyumba hii ina waya wa ardhi, na utajuaje? Muulize kwa nini fyuzi inayeyuka. Muulize kazi ya mwisho aliifanya wapi, na uende kwa mwenye nyumba hiyo. Akikujibu, "Usijali, Mama, itawaka tu," mshukuru, mpe maji ya kunywa, na umsindikize hadi barabarani.

Waya wa ardhi tunautilia mkazo kwa sababu ndio unaorukwa kwanza kila pesa inapopungua. Nguzo ya shaba ya mita moja na nusu iliyopigiliwa ardhini, waya unaotoka kwenye kila prizi kuifikia, na disjonkteri ya diferensiyeli ya miliampea 30 kwenye kompteri, mwanzoni mwa njia yote. Miliampea 30 ni chache mno: balbu ya LED ya wati 10 inakula zaidi ya hizo. Lakini zikipita kifuani mwa mtu zinaweza kufunga pumzi yake. Chombo hicho kinatambua umeme unaovuja kupitia mwili au kupitia chuma cha friji, na kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Lau kingekuwepo kwenye ile nyumba yenye bati na waya wa nguo, mama angerudi ndani na beseni lake na kulalamika kwamba taa zimezimika.

Tutaambiwa kwamba maneno haya ni ya watu wenye pesa. Tunaijua mifuko ya watu wa Kamina. Tunamjua mwalimu anayesubiri mshahara, na mama anayeuza samaki wa Upemba kwa mafungu. Hatumwambii mtu huyo ajenge upya nyumba yake mwezi huu. Tunamwambia jambo ambalo ni gumu zaidi kulikubali: usilolimudu kulifanya vizuri, usilifanye. Pesa ikitosha chumba kimoja, chumba kimoja kifanywe na fundi wa kweli, na waya wa vyumba vingine ukatwe kwenye kisanduku mpaka siku yake. Prizi inayotoa cheche izibwe. Resho irudishwe dukani au iuzwe, na mbabula irudi uani. Taa ya kuchaji chumbani kwa watoto si fedheha. Fukara ana haki ya kuishi kama tajiri, na umeme haumpunguzii ukali wake kwa sababu alilipa kidogo.

Kwa wenye nyumba za kupangisha hatuna upole huo. Sheria Na. 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu nyumba za kupanga, na wamiliki wengi wanaikumbuka pale tu panapotajwa garanti. Mtu anachukua garanti ya miezi mitatu mkononi, pesa taslimu, kabla mpangaji hajaingiza hata kitanda. Garanti hiyo ingetosha kumlipa fundi aliyehitimu aifungue na kuifunga upya njia ya umeme ya vyumba viwili. Badala yake mpangaji anakabidhiwa ufunguo na onyo: "Prizi ya hapo usiiguse." Anayetoa onyo hilo amekiri mwenyewe kwamba anajua. Mbele ya hakimu, kujua huko ndiko kutakakomfunga.

Jenereta inastahili neno lake peke yake, maana hapa anayeuawa ni mtu ambaye hata humjui. SNEL ikikata, baba anachukua waya wenye vichwa viwili vya kiume, anachomeka kimoja kwenye jenereta na kingine kwenye prizi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Kama hakukata disjonkteri kuu, umeme wake unatoka nyuma kupitia kompteri hadi kwenye nguzo za mtaa na kufika kwenye transfoma. Transfoma haichagui upande: iliyozoea kushusha maelfu ya volti kuwa 220 inaweza kuzipandisha 220 kuwa maelfu. Juu ya nguzo yuko mfanyakazi anayetengeneza waya uliokatika, naye ana mke na watoto katika moja ya nyumba hizohizo zenye giza. Swichi ya kubadilishia, inayozuia SNEL na jenereta kukutana, ni kazi ya saa chache kwa fundi aliyesoma. Asiye nayo asiwashe jenereta isipokuwa kwa kuchomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta yenyewe.

Wenye paneli za jua wasidhani wameponyoka. Betri ya volti 12 haitampiga mtu kama SNEL, lakini nyaya zake zikigusana bila fyuzi karibu na betri, zinawasha moto kabla hujatamka neno. Na umeme unaotoka kwenye inverta ni volti 220 zilezile.

Tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulikatika na kuangukia soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, mvua ikiwa imejaza maji chini. Watu 26 walikufa, karibu wote akina mama waliokuwa wakiuza na kununua. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Wanaokufa mmoja mmoja ndani ya malopango hawatangaziwi kilio na yeyote. Wanazikwa siku ya pili, na waya ule ule unabaki darini.

Basi tunadai. Ofisi za jumuiya za Kamina, Dimayi na Sobongo zibandike ukutani orodha ya mafundi umeme waliohitimu na kukaguliwa, yenye majina na simu zao, na zifute jina la kila atakayeua au kudanganya. SNEL isiunganishe nyumba yoyote mpya kabla mtu mwenye ujuzi hajafungua kisanduku cha ndani na kukitazama. Kusema kwamba kazi yake inaishia kwenye kompteri ni kweli kwa karatasi, lakini anayewasha nyumba asiyoitazama anajua anachokiacha nyuma yake. Shule za ufundi ziwapeleke wanafunzi wao majumbani wakiwa na walimu wao, wakague bure, wajifunze juu ya dari halisi. Wachungaji na mapadri wenye makanisa yenye vipaza sauti, magitaa ya umeme na ralonji zinazopita chini ya mikeka wasimame wao kwanza: mtoto wa kwaya anashika maikrofoni ya chuma kwa mkono uliolowa jasho.

Nanyi mafundi, mnaoitwa kila siku kwa kazi msizozijua: kataeni. Semeni, "Papa, hii inanizidi, mwite fulani." Mtu aliyekataa kazi kwa uaminifu anaitwa tena kwa kazi anayoiweza, na wale aliowalinda hawatajua kamwe kwamba aliwalinda. Kijana anayetaka kujifunza amfuate fundi mkubwa, ambebee ngazi, akae naye miaka miwili, na asishike kisanduku cha mtu peke yake kabla ya hapo.

Mvua za Kamina hurudi kuelekea Oktoba. Kabla hazijafika, kila mwenye nyumba azunguke lopango lake mchana, akiwa na viatu, bila kugusa kitu: atazame waya unaoingia unalala juu ya nini, atazame kisanduku kama kuna alama nyeusi ya moto, anuse prizi ya jikoni. Akiona jambo, akate umeme kwenye kompteri na amwite mtu anayejua, hata kama itambidi amsubiri siku tatu. Na umeme ukiwa umeshakatwa na fundi amepima bati, si kabla, waya ule wa nguo ufunguliwe kutoka kwenye bati. Kamba ya nailoni ipo sokoni.